Bei, Faida na Riba: Maadili na Akili katika Fikira za Kiislamu juu ya Uchumi

Maneno bei, faida na riba yametoka katika Kiarabu, lakini si yote yaliyobakia na maana yake ya asili. Neno la Kiarabu lililozaa bei lina maana ya tendo la kuuza; katika Kiswahili bei ni kima cha fedha kitakiwacho. Riba asili yake ni ongezeko. Nalo neno faida, katika Kiarabu cha mabenki ya siku hizi, ni lile ongezeko la mkopo ambalo Mswahili huliita riba. Kwa hiyo mfasiri asiyeangalia aweza kuhalalisha kwa kalamu yake jambo lile lile ambalo mwandishi amelikataza.

Kurani, katika sura ya 2, aya ya 275, yataja hoja ya watu waliodai kuwa kuuza na riba ni mamoja, kisha yahalalisha la kwanza na kuharimisha la pili. Wanavyuoni hawakutosheka na katazo tupu. Walitafuta sababu yake kwa akili. Al-Ghazali (1058–1111), katika Ihya Ulum al-Din, aliifananisha fedha na kioo: hakina rangi yake, lakini huonyesha kila rangi. Dinari na dirhamu zimewekwa ziamue kati ya bidhaa mbalimbali. Mwenye kuzilimbika ni kama aliyemfunga hakimu gerezani, na mwenye kuzifanya bidhaa amezipotoa na kazi yake. Hapa dhuluma na kosa la akili ni kitu kimoja.

Badala ya riba iliwekwa mudharaba: mmoja hutoa mali, mwenziwe hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa fungu walilopatana. Hasara ya mali humwangukia mwenye mali, naye mfanya kazi hupoteza jasho lake, maadamu hakufanya hiana.

Hata hivyo, jina laweza kubaki halali na kiini kikabadilika. Unguja, katika karne ya 19, mwenye shamba aliyehitaji fedha aliweza kuliuza kwa sharti la kulikomboa, mauzo yaliyojulikana kwa Kiarabu kama bay‘ al-khiyar. Akaendelea kukaa humo na kulipa kodi, na kodi hiyo ikashika mahali pa riba. Basi kamusi itakayoeleza maneno haya haina budi kueleza pia mapatano yaliyomo ndani yake, kwani mdaiwa hulipa kwa mapatano, si kwa jina.