Maumivu makali ya hedhi: endometriosisi si ugonjwa wa wachache

Kila mwezi binti anajikunja kitandani siku mbili, hali, shule haendi. Nyumbani anaambiwa, "Hilo ni chango, sote tulipitia. Ukizaa litaisha." Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na maneno haya huyasikia kutoka kwa akina mama wanaowapenda sana binti zao. Hata mimi niliyasema kabla ya kusomea uuguzi.

Tumbo kuuma kidogo wakati wa hedhi ni kawaida. Maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi si kawaida, na moja ya sababu zake ni endometriosisi. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na zile za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, mirija ya uzazi, kibofu au utumbo. Hedhi ikifika nazo huvimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina pa kutokea. Matokeo yake ni uchungu na makovu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao, yaani takriban milioni 190 duniani. Ukiwa kliniki ya watoto na akina mama 30 wamekaa kwenye mabenchi, yawezekana watatu wanao. Kwa wanaohangaika kupata mimba, kiwango ni kikubwa zaidi.

Mbona basi hatuusikii? Zamani hata madaktari waliamini ni ugonjwa wa wazungu. Tena kuuthibitisha si rahisi: altrasaundi inaweza kuonyesha kila kitu ni sawa ilhali upo. Laparoskopi, yaani kuingiza kamera ndogo tumboni kupitia tundu dogo, hupatikana hospitali kubwa tu. Wengi hukaa miaka wakitibiwa UTI ambayo hawana.

Mama, kwa miezi mitatu andika kwenye daftari siku za hedhi za binti yako, maumivu yalivyokuwa, dawa aliyomeza na kama ilimsaidia. Andika pia kama anaumia akienda haja. Wewe mwenyewe, kama unaumia wakati wa tendo la ndoa, usione haya kusema. Hiyo ni dalili muhimu. Nenda na daftari hilo kituo cha afya. Matibabu yanaweza kuanza hata bila laparoskopi: dawa za maumivu kama ibuprofeni (mwenye vidonda vya tumbo aseme kwanza), au dawa zenye homoni, zikiwemo zile zile za uzazi wa mpango. Hazimfanyi binti kuwa tasa, na kumpa hakumaanishi umemruhusu lolote.

Kuzaa si tiba. Wengine hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha hedhi ikirudi maumivu hurudi nayo. Dawa zisiposaidia baada ya miezi mitatu hivi, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.