Je, Wajua? Nyambizi Huungua Ikiwa Pakavu

Nyambizi ya nyuklia ni chombo cha kivita kinachosafiri chini ya maji kwa nguvu ya kinu, yaani mtambo unaopasua viini vya atomi za urani ili kupata joto, ambalo hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo ukazungusha rafadha na kuzalisha umeme. Kwa kuwa kinu hakihitaji hewa, chombo hiki huweza kukaa chini ya maji miezi kadhaa bila kuibuka. Hata hivyo, baadhi ya mioto iliyozigharimu nyambizi hizi fedha nyingi zaidi haikuzuka vilindini bali chelezoni, katika lile shimo kubwa la zege kando ya bahari ambamo meli huingizwa, lango likafungwa na maji yakavutwa kwa pampu hadi chombo kikabaki kimesimama pakavu kingoje mafundi.

Baharini, nyambizi huwa imejiandaa kwa moto saa zote: kila baharia amefunzwa kuuzima, vinyago vya kupumulia viko tayari, pampu huvuta maji ya bahari yasiyokwisha, na milango ya chuma huweza kufungwa ili chumba kinachowaka kikose oksijeni. Chelezoni, karibu kila kimoja cha vitu hivyo hutoweka. Maji ya bahari yamekwisha kutolewa, hivyo maji ya kuzimia moto hulazimika kuletwa kwa mipira kutoka nchi kavu; mifumo ya kugundua na kuzima moto mara nyingi imezimwa kwa kuwa nayo inatengenezwa; na matundu ya kuingilia, ambayo yangepaswa kufungwa mara moja, yamejaa nyaya za umeme na mipira ya hewa inayowahudumia mafundi walio ndani. Wakati huohuo huingizwa vitu ambavyo nahodha asingevikubali safarini, kama vile mbao za majukwaa, turubai za plastiki, rangi, vimumunyisho na matambara ya kufutia, huku mabaharia wanaokijua chombo chao wakiwa wachache, hasa usiku.

Juu ya hayo zipo kazi za moto, yaani kulehemu, kukata chuma kwa gesi na kusaga, ambazo cheche zake si hatari pekee. Chuma hupitisha joto, na fundi anayelehemu upande mmoja wa ukuta anaweza kuwasha kitu kilichogusa upande wa pili asikokuona. Ndiyo sababu huwekwa mwangalizi wa moto, mtu ambaye kazi yake ni kutazama tu huku ameshika kizimamoto, na kanuni za usalama kazini za Marekani humtaka abaki hapo angalau dakika 30 baada ya kazi kwisha, isipokuwa eneo limekaguliwa na kuonekana halina hatari tena. Ni kazi inayochosha kwa uvivu wake, na huenda ikawa ndiyo muhimu kuliko zote chelezoni.

Jioni ya tarehe 23 Mei 2012, nyambizi ya Marekani USS Miami, yenye urefu wa takriban mita 110, ilikuwa ikitengenezwa katika karakana ya Portsmouth, mjini Kittery, jimbo la Maine, moto ulipozuka katika sehemu ya mbele. Awali ilidhaniwa kuwa chanzo ni mashine ya kufyonza vumbi, lakini baadaye fundi wa rangi alikiri kuwa aliwasha matambara juu ya kitanda cha mabaharia kwa sababu alitaka kuondoka kazini mapema, naye akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 17. Moto ulichukua takriban saa 12 kuzimwa na watu saba walijeruhiwa. Ugumu wake ulitokana na umbo lenyewe la chombo: ganda nene la chuma hushika joto kama tanuri, na tundu ambalo mzimamoto hushukia kwa ngazi ya wima ndilo hilohilo ambalo moshi na hewa ya moto hupandia, hivyo aliyevaa mtungi wa hewa huanza kuitumia kabla hajauona moto wenyewe. Gharama ya matengenezo ilipokadiriwa kufikia dola milioni 700, jeshi la majini liliamua kuiacha, na USS Miami ikaondolewa rasmi kazini tarehe 28 Machi 2014.

Msomaji huenda akauliza habari za kinu, kwani neno nyuklia ndilo huogofya kwanza. Kinu kilichozimwa hakipoi papo hapo: mabaki ya atomi zilizopasuka huendelea kutoa joto, ambalo mara baada ya kuzimwa hufikia asilimia 6 hivi ya nguvu iliyokuwapo, kisha hushuka chini ya asilimia 1 baada ya siku moja. Joto hilo lazima liondolewe, na ndipo moto unapoweza kuwa hatari hata usipokigusa kinu, iwapo utakata nyaya zinazopeleka umeme kwenye pampu za kupoza. Kinu cha Miami kilikuwa kimezimwa zaidi ya miezi miwili, na hakikudhurika.

Nchini Urusi, tarehe 29 Desemba 2011, majukwaa ya mbao yaliyoizunguka nyambizi Yekaterinburg huko Roslyakovo yalishika moto wakati wa kazi za kulehemu, na moto ukahamia kwenye mpira unaofunika ganda la nje, ambao umewekwa ili kufyonza mawimbi ya sauti na kukificha chombo kisisikike na adui. Kifaa cha kujificha kikageuka kuni.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha Ufaransa. Nyambizi Perle iliungua takriban saa 14 katika chelezo cha Toulon tarehe 12 Juni 2020, ikiwa haina silaha wala fueli ya nyuklia. Joto lilikuwa limeharibu chuma cha mbele, ambacho hakingeweza kuaminiwa tena dhidi ya uzito wa maji ya vilindini. Wahandisi wa Cherbourg waliikata, wakaikata pia Saphir, dada yake aliyestaafu mwaka 2019, kisha wakaunga sehemu ya mbele ya Saphir na ya nyuma ya Perle. Chombo hicho kilirudi kazini mwaka 2023, kikiwa kirefu kuliko Perle ya awali kwa mita 1.4 hivi.