Ruzuku ndogo yazaa soko la nje: Hesabu ya vipepeo wa Arabuko-Sokoke

WAFANYABIASHARA wengi wakisikia neno ruzuku hufikiria semina, chai ya saa nne na ripoti inayoishia kabatini. Mara nyingi hawakosei. Lakini kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, kuna ruzuku moja iliyoingia katika daftari la mauzo ya nje, na bidhaa iliyotokana nayo ni mdudu.

Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, wenye makao yake penye magofu ya Gede, ulipata dola 50,000 za Marekani kutoka Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), unaoendeshwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Mpango wenyewe ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu kabla yake. Kwa mnunuzi wa kahawa hizo ni fedha za kupita mkononi. Kwa mradi wa kijijini ulikuwa mtaji kamili, usio na riba, na ambao hakuna benki ingethubutu kuutoa kwa dhamana ya viwavi.

Msitu huo una ukubwa wa kilometa za mraba 420 hivi, na ni mkubwa kuliko misitu mingine yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati huo wakazi wengi wa mpakani walitaka angalau sehemu yake ikatwe wagawiwe mashamba. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara kuliko ilivyodhaniwa na wahifadhi: msitu hauwaingizii kitu, na nyani na tembo wake wanashuka usiku na mchana kula mahindi na mihogo. Mwenye hasara ya namna hiyo hashawishiki kwa mabango ya kumwambia apende miti.

Mtafiti wa vipepeo Ian Gordon, aliyeuanzisha mradi huo, alikwenda kwa njia nyingine. Huko Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wa nchi za joto wakiruka. Kipepeo mzima wa aina nyingi huishi wiki chache tu, kwa hiyo mwenye nyumba hiyo hulazimika kuagiza wengine tena na tena. Kwa lugha ya soko, huyo ni mteja asiyeshiba. Anachonunua si kipepeo mwenyewe bali pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kujifunga na kutulia, ambaye anaweza kupangwa katika boksi na kusafirishwa kwa ndege.

Hapo ndipo ruzuku ilipofanya kazi yake hasa, kwa sababu kilichokosekana kijijini hakikuwa vipepeo bali elimu. Kila aina ya kiwavi ina majani yake. Ukimpa mengine atakufa. Mkulima alipaswa kuujua mti wa kila aina, kuuotesha karibu na nyumba, kunasa vipepeo wazazi msituni kwa wavu au kwa mtego wa ndizi zilizooza, kuwaweka katika banda la chandarua watage, na kuwalinda viwavi dhidi ya sisimizi na nyigu. Elimu hiyo ya mazingira haikumalizika kwa cheti. Ilimalizika kwa pupa kupokelewa au kukataliwa mezani Gede, na mkulima aliyekataliwa alijua siku ileile kwamba kuna jambo bado hajajifunza.

Katika Kiswahili neno pupa lina maana ya haraka ya tamaa pia, na mwenye bidhaa hii hana budi kuwa na haraka kweli. Kwa aina nyingi mdudu hutoka ndani ya wiki moja au mbili. Boksi likikwama uwanja wa ndege, mteja hupokea mabawa yaliyokunjamana, naye halipii. Hakuna ghala la kusubiri bei ipande.

Upande wa utafiti nao ulikuwa na thamani yake sokoni. Swali la kwanza la mkaguzi yeyote lingekuwa kama biashara hii haimalizi vipepeo wa msituni. Gordon na mwenzake Ayiemba walichapisha matokeo yao mwaka 2003: kipato cha wafugaji kilikuwa kimepanda, mtazamo wao kuhusu msitu ulikuwa umebadilika kuwa mzuri zaidi, na vipepeo wa porini hawakuonekana kudhurika. Hesabu kama hiyo kwa mradi huu ni sawa na kukagua bidhaa ghalani, kwani msitu ndio unaotoa wazazi wa mbegu. Kwa kawaida wafadhili huiona kazi hiyo kuwa gharama ya pembeni. Mwekezaji angeiona kuwa bima.

Hata hivyo hatari zipo, na si za kudharau. Ya kwanza ni kibali. Milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, kuna mradi wa Amani uliofuata njia hiyohiyo, ukiwalipa wanavijiji kwa pupa za kusafirishwa nje. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na wafugaji wa vipepeo wakajikuta ndani ya wavu uleule. Mabanda yalikuwepo, miti ilikuwepo, ujuzi ulikuwepo, na mauzo ya nje yakasimama. Hasara hiyo haikutokana na uzembe wao hata kidogo.

Ya pili ni kutegemea mteja wa aina moja. Mwaka 2020 nyumba za maonyesho zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona na safari za ndege zikapungua, hapakuwa na soko la pili la kukimbilia. Pupa hailiwi wala haiuzwi Kongowea.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayetaka kufanya kazi na vikundi vya namna hii, ruzuku yenyewe si ya kuinunulia hisa. Hulipwa kwa awamu, huhitaji kikundi kilichosajiliwa na mchango wa wanakijiji wenyewe, iwe fedha au nguvu kazi, na huamuliwa na kamati ya kitaifa ambayo wengi wa wajumbe wake si watumishi wa serikali. Nafasi iko pembeni mwake: chandarua, mbao, usafiri wa kwenda uwanja wa ndege. Kabla ya kukopesha ni busara kuuliza kibali cha kusafirisha kinaisha lini, oda za msimu huu zimetoka kwa wateja wangapi, na nani atalipa mishahara awamu ya mwisho ikimalizika.

Kipepeo nao wameongeza asali na hariri kwenye orodha yao. Asali ina ushindani mwingi na bei yake haishangazi mtu, lakini gari likiharibika njiani Jumatano, inaweza kungoja mpaka Jumatatu.