Namna Bakteria wa Kinywani Wanavyojishikiza kwenye Jino: Ufafanuzi kwa Kurejelea Vyakula vya Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, tabaka laini linaloganda juu ya meno huitwa ukoga. Watu wengi huudhania ukoga kuwa ni mabaki ya chakula tu. Kibayolojia, ukoga ni makazi ya bakteria hai walioshikamana na jino na pia wao kwa wao. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa mabaki mengi ya chakula huondoka kwa kusukutua maji, ilhali ukoga hauondoki hivyo. Makala haya yanafafanua hatua za ushikamano huo, kisha yanazihusisha na vyakula vya kila siku vya wakazi wa Mbeya na Iringa.

2.0 Hatua za Ushikamano

Hatua ya kwanza haiwahusu bakteria. Dakika chache baada ya jino kusuguliwa, protini za mate hujibandika kwenye enameli, ambayo imeundwa hasa na madini ya kalisi na fosfeti, na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Kwa hiyo, bakteria hawalishiki jino lenyewe, bali hushika utando wa mate uliolivika.

Katika hatua ya pili, bakteria walioletwa na mkondo wa mate huvutwa na nguvu hafifu za kimaumbile, na bado huweza kuoshwa. Katika hatua ya tatu, molekuli zilizo juu ya seli zao hufungamana na protini mahususi za utando, mithili ya ufunguo na kufuli. Miongoni mwa waanzilishi hao ni Streptococcus sanguinis, Streptococcus oralis na jamii za Actinomyces. Hatimaye, wanaofuata huwashika waliotangulia. Fusobacterium nucleatum huwa daraja kati ya waanzilishi na bakteria kama Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa na magonjwa ya fizi.

3.0 Sukari kama Gundi

Mwaka 1890, Willoughby Miller alieleza kuwa asidi itokanayo na bakteria ndiyo huyeyusha madini ya jino. Mwaka 1924, J. Kilian Clarke alimbainisha Streptococcus mutans. Vimeng'enya vya bakteria huyu hugeuza sukrosi, yaani sukari ya mezani, kuwa glukani, ambayo ni gundi isiyoyeyuka kwa urahisi katika maji. Gundi hiyo huimarisha ukoga na kuizuia asidi isizimuliwe na mate. Pale pH inaposhuka chini ya takribani 5.5, enameli huanza kupoteza madini.

4.0 Mbeya na Iringa

Ugali wa mahindi, viazi mviringo na ndizi za kupika ni vyakula vya wanga. Katika togwa, kimea cha ulezi huvunja wanga kuwa maltosi. Bakteria huweza kutengeneza asidi kutokana na maltosi, lakini glukani huhitaji sukrosi. Hivyo, kijiko cha sukari kinachoongezwa katika uji au togwa huleta gundi pamoja na asidi.

Chai, inayolimwa Mufindi na Rungwe, inadhihirisha jambo hilo zaidi. Majani yake hukusanya floridi, na polifenoli zake zimeonekana maabarani kudhoofisha vimeng'enya vinavyotengeneza glukani. Hata hivyo, chai inayonywewa na sukari mara nyingi kwa siku huwapa bakteria malighafi ileile ambayo vimeng'enya hivyo huihitaji.

5.0 Hitimisho

Utando wa mate hauzuiliki, nao hurejea baada ya kila usafi. Kinachoweza kuzuiwa ni ukomavu wa ukoga. Usuguaji, uwe wa mswaki wa kijiti au wa dukani, huvunja ushikamano ambao maji hayauwezi, na kupunguza idadi ya nyakati za kula sukari huwanyima bakteria gundi. Kwa hiyo, elimu ya kinywa inayokataza vitu vitamu pekee, bila kutaja sukari iliyomo ndani ya kikombe cha chai, huacha chanzo kikubwa bila kuguswa.