Picha Imeng'aa, Lugha Je?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Desemba iliyopita nilifika nyumbani Kasikeu, Kaunti ya Makueni, nikiwa nimepakata sanduku la filamu tatu za The Lord of the Rings, alizoziongoza Peter Jackson, zilizotoka kati ya 2001 na 2003. Ilikuwa mara yangu ya tatu kuzinunua. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nazo katika DVD; baadaye nikanunua Blu-ray; sasa nimehamia toleo la 4K, lililotolewa mwishoni mwa 2020.

Uzuri wa toleo hilo haukanushiki. Picha moja ina vitone 3,840 kwa 2,160, mara nne ya vile vya Blu-ray ya kawaida, na rangi zake zilisawazishwa upya chini ya usimamizi wa Jackson mwenyewe. Nyuzi za mavazi karibu zihesabike, na kiza cha mapangoni si tope jeusi tena.

Basi nikawaketisha mama na mpwa wangu mbele ya runinga mpya, nikajitapa. Haikupita nusu saa mama akauliza, kwa Kikamba, watu hawa wanasema nini. Nikaanza kufasiri. Kila nilipomaliza sentensi moja, wahusika walikuwa wamekwisha kusema tatu. Mpwa wangu akanihurumia: "Mjomba, mimi ninayo ya DJ."

Akachomeka flashi. Picha ilikuwa na ukungu, na sauti ya msimulizi, Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, ilifunika muziki wote. Lakini mama alicheka, akauliza, akabisha. Lilipotokea lile jitu la pangoni akasema bila kusita kwamba huyo ni eimu, zimwi la ngano zetu. Hakulala hadi mwisho. Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilikaa kimya pembeni.

Kinachoniuma ni hiki. J.R.R. Tolkien, mtunzi wa riwaya zilizozaa filamu hizo, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alieleza kwamba lugha alizozibuni ndizo zilizotangulia, hadithi zikafuata. Katika filamu, wahusika wanaposema lugha hizo za kubuni, tafsiri huandikwa chini ya picha. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu walio hai, hakimo sandukuni mwangu.

Sitetei wizi wa kazi za watu. Nakala ya mpwa wangu haikulipiwa. Hata hivyo, msimulizi yule alitimiza haja ambayo wenye mali hawakuiona na wasomi tuliidharau. Tanzania, Lufufu alijipatia sifa kwa kazi iyo hiyo. Kwa nini wasambazaji wa filamu wasiwape mafundi hao mikataba halali? Nasi wanaisimu, badala ya kuicheka Sheng yao, tuketi nao tutafsiri pamoja. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hotuba za siku hiyo hazikosi. Filamu moja iliyotafsiriwa vyema ingefika Kasikeu kabla ya hotuba kumi.

Juzi mama alinipigia simu akitaka sehemu ya pili. Hakutaka ile yangu.