Kabla ya Kusema Bibi Ana Woga

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, maji yakaingia Kilosa, reli ikasombwa, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Waliokuwa watu wa makamo wakati ule, leo wengi ni wazee. Mvua ikikolea usiku, wapo wanaokaa kitandani wakihema juu juu, mabega yakipanda na kushuka. Nyumbani watu husema: bibi ana woga, ndivyo alivyoumbwa. Naomba tusiishie hapo.

Hulka ina nafasi yake, sikatai. Huko Tokyo, watafiti Yuri Masaoka na Ikuo Homma waliwapima watu waliokuwa wakisubiri kuguswa na umeme kidogo. Pumzi zao ziliongezeka kasi ingawa mwili haukuhitaji oksijeni zaidi, na waliozidi kuhema ni wale wenye hulka ya wasiwasi.

Ila pumzi nayo huuchochea woga. Anayehema kupita mahitaji ya mwili hupoteza hewa ukaa nyingi. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kizunguzungu huja, midomo na vidole vinakufa ganzi. Mzee anadhani ni presha au kiharusi. Anaogopa zaidi, anahema zaidi.

Umri unazidisha mambo. Mbavu hukakamaa, mapafu hupungua mnyumbuko, kwa hiyo hata kazi ndogo hudai pumzi nyingi. Mama wa Mikumi aliyepikia kuni tangu usichana amevuta moshi miaka hamsini, na akiwa upande wa Ruhembe au Kidodi ameongezewa ule wa miwa inayochomwa kabla ya kuvunwa. Mapafu ya namna hiyo yakibanwa, mwenyewe huwa mkali, hataki kelele, hataki wageni. Kumwita mtu huyo mkorofi ni kumwonea. Mara nyingi anachotafuta ni hewa.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Mzee akiwa ametulia, tazama kifua chake dakika nzima bila kumwambia, maana akijua atabadilisha. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi 12 hadi 20. Zikizidi hapo kila unapohesabu, au kuna kikohozi cha wiki mbili, miguu kuvimba, kifua kulia, kushindwa kulala chali, mpeleke hospitali ya wilaya, au St. Kizito kwa walio Mikumi. Inaweza kuwa moyo, kifua kikuu, pumu au upungufu wa damu, na mazoezi ya pumzi hayatibu hata kimoja kati ya hivyo.

Vikishaondolewa hivyo, mazoezi yana faida kubwa. Avute hewa puani kwa hesabu ya nne, tumbo lijae, aitoe taratibu kwa hesabu ya sita, midomo ikiwa imebana kama anayepuliza kaa la moto. Kutoa hewa polepole huamsha neva ya vagasi, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba dakika tano tu hushusha wasiwasi, na neva ya vagasi iliamka zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana.

Hulka yake haitabadilika. Mwenye wasiwasi ataendelea kuamka kusikiliza mto. Kinachopungua ni mwili kumwendea mbio. Aanze kiangazi, mjukuu akimhesabia, ili mvua zikija pumzi iwe imeshazoea. Akisikia kizunguzungu aache, apumue kawaida, ajaribu tena kesho.