Hisa za Bei Rahisi: Tuulize Kwanza Sababu

Vikundi vingine vinatuuliza juu ya hisa za ng'ambo. Mtu anakuja akisema kampuni fulani huko nje inauza hisa kwa bei ya chini, leteni pesa haraka. Kabla mweka hazina hajafungua sanduku, tuelewe jambo moja: bei sio thamani.

Hisa ni sehemu ya kampuni. Bei husemwa na soko, kama vile ng'ombe sokoni. Lakini thamani ya ng'ombe ni maziwa atakayotoa, na thamani ya kampuni ni mali yake na faida ya miaka ijayo, ukiondoa madeni.

Tuchukue mfano wa Warren Buffett, tajiri wa Marekani. Mwaka 2002 na 2003 alilinganisha kampuni mbili za mafuta, PetroChina ya Uchina na Yukos ya Urusi. Zote zilikuwa rahisi. Aliposoma taarifa ya mwaka ya PetroChina, aliona thamani yake ni kama dola bilioni 100, na soko liliiuza kwa bilioni 37 hivi. Akachagua Uchina kwa sababu hakuiamini hali ya Urusi. Kampuni yake ikatoa dola milioni 488.

Oktoba 2003 mkuu wa Yukos, Mikhail Khodorkovsky, alikamatwa. Serikali ikadai kodi nyingi mno, na mwaka 2006 mahakama ikatangaza Yukos imefilisika. Wenye hisa waliumia sana. Buffett naye aliuza hisa zake mwaka 2007 kwa dola bilioni 4.

Hata PetroChina ilikuwa na hatari, maana serikali ndiyo ilishika hisa nyingi. Ndiyo sababu ni vizuri bei iwe chini sana ya thamani, ili mtu akikosea kidogo asiumie sana.

Basi kikundi kikutane, kijadiliane:

1. Je, tumeona hesabu za kampuni zilizokaguliwa?
2. Kwa nini bei iko chini?
3. Mambo yakiharibika huko, nani atatulinda?
4. Anayetuuzia ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji?
5. Pesa hizi zinaweza kungoja miaka mitano?

Swali moja likikosa jibu, pesa za wanachama zikae pale zilipo. Karo za watoto zisipelekwe safari ya ng'ambo bila kujua zitarudi na nani.